Robert Brough hakuwa kivuli cha mtu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti. Mimi ni msomaji wenu wa kimya. Gazeti nalisoma kwenye simu usiku, cherehani ikishazimwa, na kwa kawaida jambo likinikera nalilalia, asubuhi nakuta limekwisha. Hili nimelilalia siku tatu na bado linanichoma, kwa hiyo leo nimeona niandike.

Ni ile makala ya ukurasa wa sanaa kuhusu picha za watu wakubwa wa enzi ya Mfalme Edward wa Saba, yaani kuanzia 1901 hadi 1910, wakati mabibi wa London na Edinburgh walipokuwa wakingojeana zamu kuchorwa wakiwa ndani ya hariri na lesi. Nilifurahi kuiona. Si kila siku mtu anawaandikia Waswahili habari za wachoraji wa Uskoti. Lakini mwandishi wenu (kwa uandishi wake namkisia ni kijana, na aniwie radhi nikimwita mwanangu) alisema mambo mawili ambayo siwezi kuyaachia yapite. Kwanza, kwamba picha zile zote ni sifa za kununua: tajiri analipa, mchoraji anamrembesha, basi. Pili, kwamba mchoraji wa Kiskoti Robert Brough, aliyekufa mapema kwa ajali ya treni, alikuwa mfuasi wa John Singer Sargent, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa picha za watu huko London. Hilo ndilo fungu lote alilopewa Brough. Nusu sentensi, na nusu ya hiyo nusu ni treni.

Mwanangu, huyu mtu umemkata bila kumpima.

Mimi si msomi wa sanaa. Ni fundi cherehani. Hapa Aberdeen napunguza magauni ya maharusi, nabadilisha zipu za majaketi, na mara mojamoja naletewa kilti ya babu, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, ambayo mjukuu anataka imtoshe. Kilti ni kazi: yadi nane za sufu, marinda nyuma yote, na kila rinda likishakunjwa mistari ya kitambaa lazima ikutane kana kwamba haikukunjwa. Ukikosea rinda la tatu, aibu utaiona kwenye la ishirini. Nayasema haya ili mjue kwamba picha nilizifikia kupitia mlango wa nguo, na pengine ndiyo maana niliona kitu ambacho makala yenu haikukiona.

Mlango wenyewe nilisukumwa na mvua. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, nimetoka kupeleka suruali kwa mteja, ikanikamata barabara ya Schoolhill ile mvua ya hapa inayokuja kwa ubavu. Jumba la sanaa la mji liko hapo hapo, na kuingia ni bure. Nikaingia na nia ya kukauka tu. Ukumbi wa chini umezungukwa na nguzo za graniti, hii nyekundu, hii kijivu, hii ya waridi, maana mji huu umejengwa kwa graniti na waliojenga jumba walitaka kutandaza mali yao mgeni aione. Nikazizunguka nguzo, nikapita chumba hiki na hiki, nikakutana na gauni.

Nasema gauni kwa sababu mwenye gauni sikumwona kwanza. Niliona mkono wa satini, kuanzia begani kushuka, nikajua papo hapo kwamba satini ile ni nzito, imekatwa mshazari na imebebwa na bitana. Fundi hakijui kitambaa kwa rangi, anakijua kwa jinsi kinavyoanguka. Nikasogea nione mshono wa bega umekaaje. Mlinzi akakohoa. Nikasogea kidogo tena. Mshono hamna. Bitana hamna. Kuna mpako mmoja wa rangi nyeupe iliyotiwa kijivu, urefu wake kama shubiri, umepita mara moja ukaachwa hivyo hivyo, na mwisho wake nywele za brashi zimeacha vimistari kama upindo uliofumuka. Nikarudi nyuma hatua tatu: satini. Nikaenda mbele: rangi tu. Nilifanya vile mara nne au tano, hata mlinzi akaja kuniuliza kwa upole kama kuna kitu nimekiangusha.

Kibandiko cha ukutani kilisema Robert Brough. Nililiandika jina nyuma ya risiti ya vifungo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata.

Alizaliwa 1872 huko Invergordon, kaskazini zaidi ya hapa, akakulia Aberdeen. Hakuanza kama mtoto wa studio. Alianza kama mwanagenzi kwenye karakana ya chapa. Kwa miaka kama sita alikuwa akijifunza litografia, mchana anachora juu ya jiwe kwa ajili ya biashara za watu, usiku anakwenda darasani Gray's School of Art, chuo kilichofunguliwa 1885 ubavuni kabisa mwa jumba lile nililokimbilia mvua. Nikipita hapo jioni za Desemba, giza limeshaingia saa kumi, namwaza kijana yule akitoka kazini na vidole vya wino.

Litografia wengi wetu hatujawahi kuiona ikifanywa. Mimi nilikwenda kuitazama kwenye karakana moja ya hapa, ndipo nikaelewa. Unachukua bamba la mawe ya chokaa lililosuguliwa hadi likawa laini kama sabuni. Unachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Kisha jiwe linalowanishwa: penye mafuta maji hayakai, pasipo mafuta yanakaa. Ukipitisha wino, nao ni wa mafuta, unashika pale ulipochora tu. Unalaza karatasi, unakandamiza, picha inatoka. Ila inatoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, kwa hiyo mchoraji wa jiwe inabidi achore kinyume tangu mwanzo, herufi na zote. Na jiwe halisamehi. Ukiliegemea kwa kiganja chenye jasho, alama ya kiganja nayo inachapwa. Kusahihisha ni kukwangua, na mkwaruzo unaonekana.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa na jiwe la namna hiyo kwa miaka sita, umpe rangi ya mafuta, ambayo inafutika, inakwanguliwa, inapakwa upya siku ya pili na mteja asijue. Yeye akaitumia kana kwamba haifutiki. Mpako mmoja, akauacha. Hicho ndicho nilichokiona kwenye ule mkono wa gauni, na nilikitambua kwa sababu ndivyo satini inavyokatwa. Chaki unaweza kuifuta hata mara kumi. Mkasi ukishapita, umepita. Wachoraji wengi wa picha za watu wakubwa wanachora kwa chaki, wanabembeleza, wanarudiarudia. Brough alichora kwa mkasi. Mwandishi wenu anaweza kuniambia kwamba hata Sargent alichora vivyo hivyo, na ni kweli. Lakini mkono wa Brough ulinyooshwa Aberdeen, kwenye meza ya chapa, kabla hajaonana na Sargent. Wakubwa wawili wakutanapo njiani wakafuatana, huwezi kusema mmoja ni kivuli cha mwenzake.

Baada ya Aberdeen alikwenda Edinburgh, shule ya Royal Scottish Academy, akachukua tuzo. Kutoka hapo Paris, chuo cha sanaa cha Académie Julian, mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiishi pamoja na kijana mwingine wa Kiskoti, S. J. Peploe. Huyo Peploe baadaye alikwenda upande mwingine kabisa, kwenye vyungu na mawaridi ya rangi kali, na leo ndiye anayejulikana zaidi. Brough alipita Bretagne, mkoa wa pwani ya Ufaransa, akachora wanawake wa huko na vilemba vyao vyeupe, akarudi Aberdeen, na mwaka 1897 akahamia London. Mwaka huo huo akachora picha inayoitwa Fantaisie en Folie, ambayo leo ni mali ya Tate, jumba la sanaa la London. Alikuwa na miaka 25. Alikaa Chelsea, huko huko London, karibu na Sargent, na Sargent, aliyekuwa juu ya wote, akampenda na kumsaidia. Hapo ndipo neno la mfuasi lilipotokea, na halijamtoka mpaka leo.

Nilisema makala ilizungumza kana kwamba wachoraji hawa walikuwa wapambe wa mabwanyenye. Wapambe gani wenye mikono ya namna ile? Angalieni walikotoka. Henry Raeburn, baba wa picha za watu katika Uskoti, aliyekufa 1823, alikuwa yatima aliyewekwa uanagenzi kwa sonara hapo Edinburgh. John Lavery, mzaliwa wa Belfast aliyekomaa Glasgow, alianza kwa mpiga picha, kazi yake ikiwa kuzirekebisha picha za wateja kwa mkono: kufuta doa hapa, kulainisha kidevu pale. Mwaka 1888 alipewa kazi ya kuchora ziara ya Malkia Victoria kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Glasgow, turubai moja yenye sura za watu zaidi ya 250, kila mmoja akitaka afanane na yeye mwenyewe. Naamini hakuna chuo kinachomfundisha mtu uvumilivu kama huo. Na chuo cha zamani cha Edinburgh walichopita wengi wa wachoraji wa Kiskoti, Trustees' Academy, kilianzishwa 1760 si kwa ajili ya picha za ukutani. Kilianzishwa kufundisha watu kuchora nakshi za vitambaa, ili kitani cha Uskoti kiuzike. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu dukani. Kumbe tulianza meza moja.

Na kitani hakikuishia hapo. Kitambaa anachochorea mchoraji ni kitani, kimevutwa juu ya mbao. Mafuta anayochanganyia rangi yanatoka kwenye mbegu za mmea ule ule wa kitani. Mmea mmoja uko chini ya picha na uko ndani ya rangi, halafu juu yake unachorwa satini ya hariri. Hili halina uhusiano mkubwa na hoja yangu, ila tangu nilipolijua siwezi kuiangalia picha ya mafuta nikalisahau.

Nirudi kwenye sifa za kununua. Ni kweli wateja walilipa, tena vizuri. Sargent kwa picha ya mtu mzima, kichwa mpaka viatu, alifikia kutoza gini 1,000, na gini moja ni pauni moja na shilingi moja, hesabu ya mabwana. Lakini kulipa na kupewa ulichotaka ni vitu viwili, muulizeni fundi yeyote. Maharusi wangu wote wanalipa. Si wote wanaopenda ninachowaambia kwenye kioo.

Pale Edinburgh, kwenye jumba la taifa, kuna picha ya Lady Agnew wa Lochnaw, ambayo Sargent aliichora 1892. Ni kabla ya Edward kutawala, najua, lakini ndiyo picha iliyowafanya mabibi wengine wote watake yao. Ameketi kwenye kiti chenye maua, gauni jeupe, mshipi wa zambarau hafifu kiunoni. Aliketi mara sita tu, picha ikaisha. Nenda ukamtazame usoni. Mama yule alikuwa hajapona vizuri mafua makali, na uchovu wake uko pale pale, kwenye macho, kwenye mkono ulioshika kiti kana kwamba ndio unaomzuia asiteleze. Kama kazi ya mchoraji ilikuwa kurembesha tu, angemwondolea uchovu. Aliuacha, na mpaka leo uchovu ule ndio unaowasimamisha watu mbele yake. Picha hiyo ilinunuliwa 1925 kwa ajili ya umma, na mimi huingia bure kumsalimia nikienda Edinburgh kutafuta bitana.

Mwaka 2024 nilifanya jambo ambalo wanangu waliliona ni wazimu: nilikaa kwenye treni kwa muda wa saa saba kwenda London kuangalia maonyesho ya Sargent na mavazi pale Tate Britain, ambako nguzo ya hoja yangu ilisimama mbele yangu ndani ya kabati la kioo. Waliweka picha, na ubavuni mwake nguo yenyewe iliyovaliwa. Kulikuwa na joho la Lady Sassoon, tafeta nyeusi, bitana ya waridi, na picha yake ya mwaka 1907. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Joho kwenye kabati linaning'inia kwa heshima, bitana yake imejificha ndani kama inavyotakiwa bitana kujificha. Kwenye picha, Sargent amelikunja, amelipindua, bitana ya waridi imemwagika kwa mbele yote kama mtu aliyefungua komamanga. Amelishona upya joho la watu bila sindano! Ndiyo kusema mchoraji wa picha hizi hakuwa akinakili nguo. Alikuwa fundi wa pili, na mara nyingine alikuwa bora kuliko wa kwanza, Mungu atusamehe sisi wa kwanza.

Hapo hapo nilikutana na gauni la mwigizaji Ellen Terry, la kijani, alilovaa akiigiza Lady Macbeth katika tamthilia ya Shakespeare 1888, limepambwa kwa mabawa halisi ya mende wa kijani yanayong'aa. Lilishonwa na Ada Nettleship. Ninaandika jina lake lote kwa makusudi, kwa sababu ni nadra jina la mshonaji kubaki.

Na hapa, mwanangu, nakupa haki yako, tena nakupa zaidi ya uliyodai. Ulilalamika kwamba picha hizi zinaficha jasho la waliowatumikia matajiri. Ulilisema kijuujuu. Mimi ningekupa vitu vya kushika. Mwezi wa Mei 1906 kulifanyika maonyesho London, kwenye ukumbi wa Queen's Hall, yaliyoandaliwa na gazeti la Daily News, kuonyesha kazi za unyonyaji: wanawake waliketi mbele ya watazamaji wakifanya kazi zile zile walizozifanya nyumbani kwa senti, na watazamaji waliambiwa malipo yao. Miaka mitatu baadaye, 1909, ikapita sheria ya kuweka kima cha chini cha mshahara kwa kazi chache zilizokuwa na hali mbaya kabisa. Kazi hizo zilikuwa nne, na kati ya hizo nne moja ni ushonaji wa nguo za tayari na nyingine ni umaliziaji wa lesi. Lesi! Ile ile unayoiona shingoni mwa kila bibi kwenye ukuta wa enzi ya Edward, imepakwa kwa kugusa gusa ncha ya brashi. Nikiitazama sasa najua mchoraji aliimaliza kwa dakika ngapi, na naweza kukisia aliyeimalizia kwa sindano alikesha usiku ngapi. Kama ungeandika hivyo, nisingekuandikia barua hii. Ningekuandikia ya kukupongeza.

Tena jasho lenyewe halina mpaka ulionyooka kama ulivyouchora. Rili ya uzi iliyoko kwenye cherehani yangu sasa hivi ninapoandika ni ya Coats. Uzi huo ulianzia Paisley, karibu na Glasgow, na wakati ule kampuni ya J & P Coats ilikuwa moja ya kampuni kubwa kabisa duniani, hasa baada ya kuungana na wapinzani wao wa Paisley, akina Clark, mwaka 1896. Mmoja wa ukoo ule, William Allan Coats, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa picha. Pesa ya uzi, wa kuuza rili moja moja kwa washonaji wa dunia nzima, ndiyo iliyonunua picha. Kwa hiyo nikisimama mbele ya picha zile sioni mabwana upande mmoja na mimi upande mwingine. Naona uzi umepita pote pawili, na mimi bado naununua.

Kuna shtaka moja dhidi ya wachoraji hawa ambalo sitalijibu, kwa sababu sina jibu. Ni la James Guthrie, mchoraji mwingine wa Kiskoti. Kwenye jumba la hapa Aberdeen kuna picha yake ya ujana, To Pastures New, aliyoianza 1882: msichana wa shamba mwenye kofia ya nyasi anaswaga mabata bukini, na mabata wa mbele wamekatwa na ukingo wa picha kana kwamba wameshatoka nje ya fremu kabla mchoraji hajawahi kuwamaliza. Edinburgh kuna nyingine ya 1883, binti wa mfanyakazi wa shamba amesimama kwenye shamba la kabichi, kisu mkononi, anakutazama kama umemkatiza kazi. Ni picha ambazo mtu akizichora anaweza kufa kwa amani. Naye aliziacha. Akahamia kwenye mabibi na maprofesa na maofisa, akawa rais wa Royal Scottish Academy 1902, akapewa cheo cha Sir mwaka uliofuata, na mwishoni mwa maisha yake akachora kundi zima la wanasiasa wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meza moja, suti nyeusi nyingi. Nimeiona hiyo ya wanasiasa London. Imechorwa kwa ustadi mkubwa. Nilimtafuta yule binti wa kabichi humo ndani sikumwona. Labda hapa mwandishi wenu ana haki, na kama angemchagua Guthrie kuwa mfano wake nisingepata pa kushika.

Lakini alimchagua Brough, ambaye hakupewa muda wa kuchagua. Sargent mwenyewe alichoka na kazi hii. Kufikia 1907 alikuwa amekwisha tangaza kwamba hataki tena kuchora sura za watu kwa rangi ya mafuta, akawa anawapoza kwa vichwa vya mkaa vya saa mbili tatu. Angekuwaje Brough akifika umri ule? Angerudi Bretagne? Angefuata rangi za Peploe? Angechoka, akanenepa, akawa Sir?

Usiku wa tarehe 19 Januari 1905, treni ya haraka kutoka Uskoti kwenda London ilikuwa ikipita Yorkshire kwenye ukungu mzito. Karibu na Cudworth, jirani na Barnsley, ikaivamia kwa nyuma treni ya barua iliyokuwa mbele yake, na mabehewa yakashika moto. Brough alikuwemo. Alitolewa ameungua vibaya, akapelekwa Sheffield hospitali. Sargent, mtu aliyekuwa na foleni ya mabibi na maduke katika shajara yake, akaacha yote akapanda treni kwenda kukaa kando ya kitanda chake. Brough alifariki siku chache baada ya ajali. Alikuwa na miaka 32. Mwaka uliotangulia ndiyo kwanza Waskoti wenzake walikuwa wamemchagua mwanachama mshiriki wa chuo chao cha Edinburgh. Mwaka 1907 picha zake zilikusanywa London kwa maonyesho ya kumkumbuka, kisha zikatawanyika tena, nyingi zikarudi kwenye kuta za nyumba za watu.

Mimi sijui mtu gani anamwacha malkia wa mtindo kwenye kiti akaenda kumwuguza kivuli chake. Anamwuguza mwenzake.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkirudia habari hizi, na natumaini mtazirudia, mchapishe picha moja ya Brough kubwa, siyo ile ya ukubwa wa stempu mliyoiweka pembeni ya tangazo la matairi, ili msomaji aweze kuisogeza simu karibu na kuiondoa mbali kama nilivyofanya mimi mbele ya yule mlinzi. Waambieni waangalie mikono ya magauni, si sura tu. Na kijana wenu akipata safari ya kuja huku, aje dukani nimpeleke mwenyewe. Picha zake zote hazitundikwi kwa wakati mmoja, hivyo aniarifu mapema niulizie ni zipi ziko ukutani.

La mwisho ni la masahihisho: jina lake linaandikwa Brough. Mliandika Borough mara zote, hata kwenye maelezo ya picha. Hiyo ni aina ya wilaya.

Wenu,
Fundi cherehani,
Aberdeen, Uskoti